Utumbo, Kisu na Mwanafunzi wa Udaktari

Mwezi wa Mei mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo kilicho katika nchi iitwayo leo Zambia, mtu mmoja jina lake Farijala alishika kisu akalifungua tumbo la maiti ya Dokta David Livingstone. Wenzake walikuwa wamekata shauri kuichukua maiti hadi pwani, na maiti isiyotolewa matumbo haistahimili safari ya miezi. Farijala hakuwa tabibu. Aliwahi kumtumikia daktari mmoja huko Unguja, na katika utumishi wake aliona jinsi maiti inavyofunguliwa ili sababu ya mauti ijulikane. Aliomba asaidiwe na Carras, mmoja wa vijana waliosomeshwa Nasik katika Bara Hindi, wakaifanya kazi ile wawili. Waliyoyaona waliyasimulia baadaye, yakaandikwa: upande wa kushoto palikuwa na pande la damu iliyoganda, ukubwa wake kama kiganja cha mtu, na mapafu yalikuwa yamekauka, yana mabaka meusi na meupe.

Matumbo yalizikwa pale pale, na Jacob Wainwright akasoma sala. Kiwiliwili kilitiwa chumvi, kikaanikwa juani siku 14, kikafungwa kwa nguo na gamba la mti, kikabebwa mabegani. Februari 1874 kilifika Bagamoyo, kikapokewa katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Huko London mpasuaji Sir William Fergusson aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma na kuunga vibaya.

Historia ya upasuaji katika Afrika ya Mashariki aghalabu huanzishwa na majina ya Wazungu waliojenga hospitali. Mimi naona yafaa ianze na Farijala, wala si kwa sababu ya kutafuta fahari. Livingstone aliteswa miaka mingi na tumbo: bawasiri zilizomtoa damu, na kuhara damu kulikomrudia kila alipodhani amepona. Katika siku zake za mwisho alikuwa akivuja damu hata akawa hawezi kusimama. Mtu wa kwanza kutazama ndani ya tumbo lile alikuwa mtumishi msema Kiswahili ambaye hakupata darasa lolote ila kusimama karibu na mwenye kujua na kutazama. Alitazama, akakumbuka, na zamu yake ilipofika akasema alichokiona bila ya kuongeza. Mwalimu wa upasuaji wa leo, ajapokuwa na vyombo vya thamani kubwa, hana jambo jingine la msingi zaidi ya hilo la kumfundisha mwanafunzi wake.

Swali la insha hii limetoka hapo. Mwanafunzi wa udaktari wa mwambao wetu afundishwe vipi kuyatambua maradhi ya utumbo kabla ya kulikata tumbo. Na hasa yale maradhi ambayo kwa muda wa miaka mingi vitabu vilimwambia kwamba kwao hayapo?

Kisu chenyewe hakikuwa kigeni pwani. Ngariba alikuwa nacho, na alikirithi pamoja na adabu zake: nani aingie, nani ashike miguu, majivu gani yatiwe jerahani. Mwenye kuumika alikuwa na pembe yake na wembe wake, akitoa damu mgongoni mwa mwenye kuumwa kichwa. Fundi wa viungo aliunga mifupa kwa vijiti na kitambaa. Wote hao walijifunza kama Farijala, kwa kukaa kando ya mkubwa. Lakini hapana hata mmoja aliyeingia tumboni. Tumbo lilikuwa la mganga wa mizizi, na lugha inashuhudia hayo hata leo. Tuna neno chango, ambalo katika kinywa cha mwenyeji wa pwani laweza kuwa minyoo, laweza kuwa msokoto wa mtoto mchanga, laweza kuwa maumivu ya tumbo la uzazi, laweza kuwa kuhara kusikokoma. Tuna mshipa, ambao mara ni ngiri na mara ni maumivu ya kinena yasiyo na jina. Maneno haya si ujinga. Ni ramani ya watu waliojua maumivu yalipo bila ya kupata nafasi ya kutazama ndani.

Msomaji aijuaye Mlingotini atanielewa upesi. Ni kijiji cha wavuvi, kusini ya mji wa Bagamoyo, kando ya wangwa uliozungukwa na mikoko. Hakiko mbali na Kaole penye magofu ya misikiti na makaburi ya zamani. Wanaume huenda baharini, wanawake hulima mwani maji yakipwa. Lakini Mlingotini ikitajwa mjini Dar es Salaam, wengi hawakumbuki samaki wala mwani, hukumbuka waganga. Basi mtu wa Mlingotini anayehara damu mwezi wa tatu sasa hakosi tiba karibu yake. Anapofika hospitali huwa amekwisha kunywa mizizi, amekwisha kuchanjwa, na pengine amekwisha kumeza vidonge vya dukani mara tatu au nne. Mwanafunzi anayempokea yampasa ajue hayo yote kabla hajaugusa mwili wake, tena ayajue bila ya kumtahayarisha.

Hospitali ambayo wanafunzi hao husomea ina asili yake katika mji huo huo wa Bagamoyo, jambo ambalo wengi wapitao katika milango yake hawalijui. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanya biashara wa Kihindi, Mwismailia, aliyetajirika kwa kuuzia misafara vitu na kuitafutia wapagazi. Alifariki mwaka 1897. Bagamoyo alitoa jumba la ghorofa liwe shule ya watoto wa mataifa yote. Dar es Salaam, ambako Wajerumani walikuwa wamehamishia makao ya serikali yao mwaka 1891, fedha zake zilijenga hospitali ya wasio Wazungu. Wazungu walikuwa na yao kando ya bahari, ile ambayo leo ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Hospitali ya Sewa Haji ilitumika hata mwaka 1956, ilipofunguliwa hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret. Nayo baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Mojawapo ya majengo ya wodi za Muhimbili laitwa Sewahaji mpaka leo.

Kati ya mwaka 1897 na 1898, Robert Koch, aliyekuwa amegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alifanya kazi yake Dar es Salaam akichunguza malaria na maradhi mengine. Namtaja hapa kwa kuwa kijidudu chake kitarudi katika habari hii, si katika kifua bali katika utumbo.

Mafunzo ya udaktari yenyewe, kwa watu wa Tanganyika, yalikuwa mbali. Makerere ilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1922, na mafunzo ya udaktari yakaanza mwaka 1924 katika hospitali ya Mulago. Kwa miongo minne kijana wa Bagamoyo au wa Tanga aliyetaka kuwa daktari alikuwa hana budi kwenda Kampala, kama alibahatika kupata nafasi. Wachache walibahatika. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 ilikuwa na madaktari wake Waafrika 12 tu. Idadi hiyo hutajwa mara nyingi katika hotuba, nayo imezoeleka masikioni. Lakini mtu akiitafakari ataona maana yake kwa habari ya upasuaji. Mtu aliyepasukiwa na utumbo kwa homa ya tumbo kule Rufiji au Pangani alikuwa mikononi mwa Mzungu mmoja wa wilaya aliyefanya kila kazi, au mikononi mwa msaidizi asiyekuwa na cheti cha kukata, au mikononi mwa Mungu.

Sasa tutazame vitabu walivyosoma hao waliofika Kampala. Mwaka 1932 mambo mawili yalitokea, moja Uingereza na moja Marekani, yasiyohusiana. Uingereza, Hamilton Bailey na McNeill Love walitoa kitabu chao cha upasuaji ambacho wanafunzi wa Makerere, na baadaye wa Dar es Salaam na Nairobi, walikisoma kizazi baada ya kizazi hata majina ya watungaji yakawa ndiyo jina la kitabu. Marekani, katika hospitali ya Mount Sinai mjini New York, Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer waliandika habari za wagonjwa 14 ambao mwisho wa utumbo wao mwembamba ulikuwa umevimba, umekuwa mnene kama mpira wa maji, na njia yake imezibana. Wagonjwa hao walikuwa wamepasuliwa na mpasuaji aliyeitwa Berg, naye akakataa jina lake lisiwekwe katika makala. Kwa hiyo maradhi yakaitwa ya Crohn, ambaye hakushika kisu. Historia ya udaktari ina mizaha kama hiyo.

Maradhi ndugu yake yalijulikana zaidi. Samuel Wilks wa London aliyaeleza mwaka 1859: utumbo mpana unachubuka ngozi yake ya ndani, unatoa damu na kamasi, wala hapana kijidudu kinachoonekana kuwa ndicho sababu. Tofauti ya ndugu hawa wawili ndiyo somo la kwanza la mwanafunzi. Huyu wa Wilks huanzia penye njia ya haja kubwa na kupanda juu bila ya kuruka, naye hubaki katika ngozi ya ndani. Yule wa Crohn huweza kukaa popote kutoka kinywani hata mwisho, huruka sehemu na kushika sehemu, na hula unene wote wa utumbo hata akatoboa njia kutoka utumbo mmoja kwenda mwingine, au kwenda ngozini. Kwa hiyo mwenye maradhi ya Wilks akitolewa utumbo mpana wote, maradhi ya utumbo yamekwisha. Mwenye maradhi ya Crohn akikatwa leo, yawezekana atarudi baada ya miaka michache na yale yale karibu ya mshono. Mpasuaji asiyejua tofauti hii atakata mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, mpaka mgonjwa abaki na utumbo usiotosha kulisha mwili.

Juni 1956, Rais Eisenhower wa Marekani alipasuliwa kwa maradhi hayo ya Crohn, na dunia nzima ikasoma magazetini. Mwaka huo huo hospitali mpya ilifunguliwa Dar es Salaam. Mwanafunzi wa wakati ule angeweza kudhani kwamba maradhi haya ni ya marais na ya watu wa nchi za baridi, na walimu wake wasingemsahihisha.

Sababu moja ya kutosahihishwa ilikuwa mpasuaji hodari kuliko wengi waliopata kufundisha Afrika ya Mashariki. Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliyepoteza jicho moja utotoni, alifika Uganda mwaka 1946 akafanya kazi Mulago. Dunia yamjua kwa uvimbe wa taya za watoto alioueleza mwaka 1958, na kwa safari yake ya mwaka 1961, yeye na wenzake wawili katika motokaa kuukuu, kilometa zipatazo 16,000 kutoka Kampala hata Afrika ya Kusini, wakiuliza katika kila hospitali: Je, mwauona uvimbe huu? Safari ile ilipita Tanganyika pia. Njia yake ilikuwa rahisi hata ikastaajabisha: ramani, picha, na swali moja linalorudiwa. Ilimpa jibu kubwa, kwa kuwa uvimbe wa taya hujionyesha usoni. Haufichiki kwa mtu yeyote mwenye macho.

Baadaye alichukua njia ile ile akaitia katika maradhi ya matumbo. Aliandikia hospitali za misheni akauliza kidole tumbo waona mara ngapi, saratani ya utumbo mpana mara ngapi, na kadhalika. Majibu yalikuwa mara chache, au hapana kabisa. Akiungana na Hugh Trowell, tabibu aliyefundisha Makerere miaka mingi, alifikia rai kwamba ugali, maharage na mboga za majani, vyenye makapi mengi, humlinda Mwafrika na maradhi yanayowasumbua wala mkate mweupe wa Ulaya. Kitabu chao cha mwaka 1975 kilibadilisha meza za watu huko Ulaya na Marekani, na sehemu kubwa ya rai hiyo imesimama.

Lakini maradhi ya vidonda vya utumbo mpana si uvimbe wa taya. Hayaonekani usoni. Ili yaonekane yataka chombo cha kutazama kupitia njia ya haja kubwa, yataka picha ya eksirei yenye bariamu, yataka kipande cha nyama kitazamwe kwa darubini na mtaalamu wa patholojia. Hospitali ya misheni yenye vitanda 80 na daktari mmoja haikuwa na hata kimoja cha hivyo, ila pengine eksirei ya mifupa. Kila aliyehara damu aliandikwa kuhara damu, akapewa dawa ya amiba. Akipona, ilikuwa amiba. Asipopona, alirudi kwao. Daftari likiulizwa, jibu lilikuwa hayapo.

Mwaka 1966, mwaka ule ule Burkitt aliporejea Uingereza, madaktari wawili wa Mulago, Billinghurst na Welchman, walitangaza katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za Waafrika wanne wenye maradhi ya vidonda vya utumbo mpana yasiyo na kijidudu. Wanne tu. Lakini mmoja angetosha kuvunja neno hayapo. Na tazama kwamba walionekana katika hospitali ya kufundishia, penye eksirei na darubini, si penye watu wengi zaidi. Sisemi kwamba maradhi haya yalikuwa mengi nasi tukawa vipofu. Yalikuwa machache kweli, na mpaka leo ni machache kuliko Ulaya, ingawa katika miji ya Afrika yanaongezeka. Nasema kwamba uchache na kutotazamwa ni vitu viwili, na mwalimu anayevichanganya humfunga macho mwanafunzi wake.

Walakini hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi, na hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Mwanafunzi aliyesoma kitabu cha London, akamwona mgonjwa mwenye kuhara damu na kamasi, akafurahi kuyaona maradhi adimu, akampa dawa za kotizoni, aweza kumwua. Dawa hizo ziliingia katika tiba ya vidonda vya utumbo kwa majaribio ya Truelove na Witts wa Oxford, yaliyotangazwa mwaka 1955, nazo zimewaokoa wengi. Lakini mwenye amiba akipewa kotizoni, kinga ya mwili hulala, amiba hula utumbo hata ukatoboka, na kinyesi kikamwagika tumboni. Mwenye kifua kikuu cha utumbo akipewa dawa hizo, kijidudu cha Koch huenea mwili mzima. Na kifua kikuu cha utumbo hupenda kukaa pale pale anapopenda kukaa Crohn, yaani pale utumbo mwembamba unapoingia katika utumbo mpana, jirani ya kidole tumbo. Hata kwa macho ya mpasuaji aliyekwisha kulifungua tumbo, vitu hivi viwili hufanana kama pacha. Kitabu cha Uingereza huanza na Crohn na kutaja kifua kikuu katika mstari wa chini. Mwalimu wa Dar es Salaam yampasa akigeuze kitabu: kifua kikuu kwanza, na Crohn baada ya kifua kikuu kutafutwa kisionekane.

Tuchukue mfano wa mwanamke mlima mwani wa Mlingotini, mwenye miaka 26, aliyepungua uzito na anayekwenda haja mara nane kwa siku. Mwanafunzi amwulize nini? Kwanza amwamkie na aketi, maana habari za choo hazisemwi kwa mtu aliyesimama na kalamu. Hatasema nahara damu. Atasema ana chango, au tumbo lamsokota, au haja haimkai. Maneno ya darasani yote ni ya Kiingereza, na hapo mwanafunzi lazima afanye tafsiri ambayo hapana aliyemfundisha. Je, damu yachanganyika na kamasi, au yaja baada ya choo kama ya bawasiri? Usiku haja yamwamsha? Aliyekaa naye nyumbani alikohoa muda mrefu? Aliwahi kuishi kando ya Ziwa Viktoria? Swali hili la mwisho huwachekesha wanafunzi wa mwaka wa tatu, lakini lina sababu yake: kichocho cha pwani ni cha kibofu na hutoa damu katika mkojo, na kichocho cha utumbo ni cha watu wa ziwa. Mtu aweza kuugua Bagamoyo maradhi aliyoyaoga Mwanza.

Halafu choo chenyewe. Kitazamwe kwa darubini kingali vuguvugu, maana amiba akipoa haendi tena, na asiyekwenda hatambulikani upesi. Jambo hili dogo, la kukichukua kikopo mbio kutoka wodini hata maabara, ni upasuaji pia, kwa kuwa ndilo linaloamua kama kisu kitahitajika. Walimu wengi wa zamani waliwatuma wanafunzi wenyewe wala si wahudumu, na nadhani walifanya vema.

Na kisu chenyewe hufundishwa vipi? Mwanafunzi hupenda kuona mkato. Lakini katika maradhi haya mwalimu hana budi kumfundisha kusubiri kwa saa zilizohesabiwa. Mgonjwa wa vidonda vya utumbo mpana mwenye homa, mapigo ya moyo ya mbio, tumbo lililotuna na utumbo uliofura kwa hewa, hutazamwa asubuhi na jioni na mganga wa dawa pamoja na mpasuaji, si mmoja baada ya mwingine. Dawa zisipofaa kwa siku chache, utumbo mpana hutolewa kabla haujapasuka. Kwa kuwa ukipasuka, wanaokufa huongezeka sana. Mpasuaji mwoga huchelewa, mpasuaji mwenye pupa huwahi mno, na wote wawili humzika mgonjwa.

Utumbo mpana ukitoka wote, mdomo wa utumbo mwembamba hutolewa nje ya ngozi ya tumbo. Hadi mwaka 1952 mdomo huo ulikuwa adhabu: maji yake yenye ukali yaliiunguza ngozi, na mdomo wenyewe uliziba kwa makovu. Mwaka huo Bryan Brooke wa Birmingham aliupindua mwisho wa utumbo kama mtu anavyopindua mkono wa kanzu, ukasimama kama chuchu, maji yakaangukia mfukoni badala ya ngozini. Ni jambo la mishono michache tu. Mwaka 1978 Alan Parks na John Nicholls wa London waliandika njia ya kutengeneza mfuko wa ndani kwa utumbo mwembamba na kuuunga penye njia ya haja, mgonjwa asihitaji mfuko wa nje.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo vitabu vinapopita mbio. Mfuko wa kupokea choo hubandikwa ngozini kwa gundi, hujaa, hutupwa, hununuliwa mwingine. Mlingotini utanunuliwa wapi? Mwenye kuishi kando ya bahari, katika jua, akiinama majini na kufunga kanga, utamkaa namna gani? Ataswali vipi na tohara yake? Atalala vipi na mumewe? Wagonjwa wamejifungia vitambaa, wamefunga mifuko ya plastiki kwa uzi, wamejifungia ndani. Mpasuaji aliyempa mtu mdomo wa utumbo bila ya kuuliza maswali hayo amefanya nusu ya operesheni. Kwa hiyo mahali pa mdomo huamuliwa mgonjwa akiwa macho, amekaa, ameinama, amevaa nguo yake ya kila siku, na alama hutiwa kwa wino kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji. Hili mwanafunzi aweza kulifanya vema kuliko profesa, maana ana muda.

Kwa maradhi ya Crohn kuna habari inayonipendeza, kwa kuwa mara hii elimu ilitoka upande wetu wa dunia. Utumbo uliobanwa mahali pengi haukatwi wote. Hupasuliwa kwa urefu penye mbano na kushonwa kwa upana, njia ikapanuka bila ya kupoteza hata inchi moja. Ufundi huo ulitumiwa kwanza India, katika miaka ya 1970, kwa utumbo uliobanwa na kifua kikuu. Emanoel Lee wa Oxford aliuchukua akauandika kwa ajili ya Crohn mwaka 1982, nao sasa hufundishwa kila mahali. Mpasuaji wa Muhimbili aliyezoea mbano za kifua kikuu hafiki mgeni kwa Crohn.

Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, na tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kamili cha afya Muhimbili. Mwaka ule ule wa 1963 yalianzishwa mafunzo ya madaktari wasaidizi, watu waliotoka katika uganga wa zahanati na vituo wakapandishwa. Hao, kwa miongo mingi, ndio waliofanya sehemu kubwa ya operesheni za wilaya zetu, hasa za uzazi, nao walistahili sifa kuliko walizopewa. Wakati Ian McAdam alipokuwa profesa wa upasuaji Makerere, tangu mwaka 1957 hata 1972, ilianza kukubaliwa kwamba mpasuaji aweza kukomaa hapa hapa pasipo kwenda Edinburgh. Chama cha Wapasuaji wa Afrika ya Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1950, ndicho kilichozaa mwaka 1999 Chuo cha Wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini. Chuo hicho hakina majumba ya madarasa. Mwanafunzi wake hukaa katika hospitali iliyothibitishwa, chini ya mpasuaji aliyethibitishwa, na mtihani ni mmoja kwa nchi zote. Kwa hakika ni njia ya ngariba na ya Farijala iliyotiwa mtihani.

Chombo cha kutazama utumbo mpana wote, chenye mwanga na kamera, kipo Muhimbili na katika hospitali kubwa za kanda. Katika hospitali nyingi za wilaya hakipo. Pale daktari hutumia chombo kifupi cha chuma, chenye urefu wa shubiri moja na kidogo, ambacho huonyesha mwanzo wa utumbo tu. Lakini maradhi ya Wilks huanzia hapo hapo penye mwanzo, na chombo kifupi chatosha kuyashuku na kuchukua kipande cha nyama. Kipande hicho, kidogo kuliko punje ya mchele, hutiwa katika chupa ya fomalini, huandikwa jina, umri, mahali kilipotolewa na anachokishuku daktari. Chupa isiyoandikwa anachokishuku daktari humfikia mtaalamu wa patholojia ikiwa bubu. Naye, akiona uvimbe bila ya habari, huandika uvimbe wa muda mrefu, basi. Chupa iliyoandikwa kwamba mgonjwa ni wa Mlingotini, hakuwahi kuishi ziwani, choo chake kimetazamwa mara tatu kikiwa vuguvugu bila ya amiba, na baba yake alitibiwa kifua kikuu miaka minne iliyopita, hiyo husomwa kwa macho mengine, na kipande hukatwa tena na kutiwa rangi ya kumtafuta kijidudu wa Koch kabla ya jina la Crohn kuandikwa katika karatasi.